Ngozi Niliyoisugua Mwenyewe

Binti yangu wa mwisho ana miaka kumi na miwili, na mimi baba yake siruhusiwi kumgusa mpaka nioge kwanza mbele ya macho yake. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nimeficha. Mimi si mtu wa kuficha. Nilianza na mikono mitupu Kimamba, leo nina mashine mbili za kukamua mafuta Mikumi, kando ya barabara kuu, kwenye jengo la bati la bluu ambalo hata madereva wa malori ya Zambia wanalitumia kuelekezana njia. Mtu wa namna hiyo anaficha nini?

Darasa la nne niliacha mwenyewe. Nikaingia mkonge. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba mizigo ya majani yaliyokatwa, na aliyewahi kubeba mkonge anayajua yale maji yake ya kijani. Yanawasha. Yanakuingia shingoni, kwapani, mgongoni, unatamani uvue ngozi uitundike mahali. Siku ya kwanza nilijikuna mpaka nikatoka damu, wenzangu wakakaa chini kunicheka. Mmoja, mtu mzima kidogo, akaniambia, "Dogo, usijikune kama kuku. Sugua. Ngozi ikishajua nani bosi, itanyamaza."

Nikachukua gunzi la mahindi. Kila jioni nilishuka mtoni na sabuni ya kufulia, nikajisugua na gunzi na mchanga mpaka nikaona weupe. Wiki za mwanzo niliuma meno. Baada ya miezi miwili mgongo wangu ulikuwa kama ngoma, mkonge ukinimwagikia naufuta tu kama jasho. Wale walioendelea kujikuna walikimbia kazi. Mimi nikabaki, nikapanda kuwa msimamizi wa kundi, nikatoka hapo na akiba yangu. Kwa hiyo nilipojifunza kwamba kinachowasha kinasuguliwa, sikujifunza kwenye kitabu. Nilijifunza kwa mgongo wangu, na miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyenionyesha kwamba nimekosea.

Mafuta nilianza na mashine ya kusukuma kwa mkono. Nilinunua ufuta huko Kisanga kwa wakulima, ndiko nilikompata hata mke wangu. Nikakamua, nikauza kwenye chupa za maji. Watu wa Ruhembe wanaotoka kwenye miwa na mikono iliyopasuka walikuwa wateja wangu wakubwa, wananunua ya kula na ya kujipaka. Baadaye nikapata mashine ya umeme. Chini ya mapipa kunabaki uchafu mzito, mweusi, mwingine angemwaga. Mimi nikauchemsha na kostiki soda, nikaumimina kwenye fremu za mbao, nikakata miche ya sabuni. Nani alinifundisha? Hakuna. Niliunguza vidole, niliunguza sufuria mbili za mke wangu, mwishowe ikatoka sabuni ya kahawia, ngumu, inayotoa hata oili ya gari kwenye ovaroli la fundi. Mafundi wote wa gereji waliitaka. Niliwaambia, "Sabuni yangu haibembelezi." Wakacheka, lakini walinunua.

Huyo binti alizaliwa mwaka nilipohamia kwenye jengo la bati. Kaka zake wawili walikuwa wameshakuwa wakubwa, wameshaondoka nyumbani, na wote walikuwa na ngozi kama yangu, ukimchapa mmoja fimbo ndiyo inavunjika. Huyu alikuja tofauti. Miezi mitatu tu, mashavu yakaanza kupauka na kutoa magamba. Yakaenda kwenye mikunjo ya viwiko, yakaenda nyuma ya magoti, yakatoa majimaji. Alijikuna kabla hajajua kushika kitu. Mama yake alimvalisha soksi mikononi.

Walikwenda zahanati, mimi nikiwa kazini. Mke wangu akarudi na maneno ya nesi. "Anasema ni pumu ya ngozi. Aogeshwe kwa maji ya kawaida, haraka haraka, sabuni kidogo sana au bila sabuni kabisa. Akitoka kwenye maji apakwe mafuta ya mgando ya dukani, yasiyo na harufu, kabla hajakauka."

"Mafuta ya nani?"

"Ya dukani."

"Mwanangu mimi? Mwenye pipa zima hapo nje, apakwe mafuta ya dukani?"

"Baba watoto, mimi nimeambiwa tu."

"Na bila sabuni! Kwa hiyo nesi anasema mtoto wa mtengeneza sabuni awe mchafu."

Nilimwambia mke wangu kwamba mikono yake ni laini mno, ndiyo maana mtoto ana ukurutu, na kuanzia siku hiyo kuogesha ni kazi yangu. Kwetu mwanaume haogeshi mtoto mchanga. Majirani walichungulia uani kuangalia. Nilijiona mwanaume kuliko wao wote.

Dodoki lilikuwa limetambaa kwenye uzio wetu wenyewe. Nililikausha, nikalikata. Asubuhi na jioni nilimweka mtoto kwenye beseni, nikapaka mche wa sabuni yangu, nikasugua pale palipochubuka mpaka magamba yakatoka yote. Alilia mpaka sauti ikapotea, mdomo uko wazi na hakuna kinachotoka. Nikimaliza namkausha, nampaka mafuta ya ufuta, yale ya kwanza kutoka kwenye mashine, mazito, hayajachujwa, nayasukuma kwa kidole gumba kwenye ile mikunjo iliyo wazi. Aling'aa. Kwa saa nzima aling'aa kama kiatu kipya. Halafu ngozi inakauka, inapasuka upya, na mimi nasema, kesho nitaongeza.

Mke wangu alijaribu kunizunguka. Nikisafiri kununua ufuta, alimwogesha kwa maji matupu. Nilijua, kwa sababu nikirudi kitu cha kwanza nilikuwa namnyanyua mtoto, nainusa shingo yake. Kama hainuki sabuni yangu, siku hiyo nyumba haikaliki. Siku moja nilinusa, nikakuta harufu ya mafuta ya dukani. Nilikitafuta kikopo mpaka nikakipata chini ya godoro, nikakimwagia kuku. Mke wangu alisimama mlangoni akaangalia kuku wanavyodonoa. Mtoto siku hizo tatu za mafuta ya dukani alikuwa amelala usingizi bila kujikuna. Hilo pia aliniambia, na mimi nikajibu kwamba alikuwa amechoka.

Kulikuwa na mwanamke wa wafugaji, kijana tu, aliyekuja kutoka bondeni kila asubuhi na maziwa kwenye kibuyu na mtoto wake mgongoni, rika moja na wa kwangu. Huyo mtoto alikuwa amepakwa samli kichwa mpaka mguu, na vumbi juu ya samli, na nzi juu ya vumbi. Ngozi yake lakini! Nyororo, nzima, hakuna hata alama. Ilikuwa inaniudhi kuiangalia.

Asubuhi moja alinikuta uani nasugua. Akatua kibuyu. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Akachungulia beseni. "Mzee, huyo mtoto unamwogesha au unamchuna?"

"Wewe wako ulimwogesha lini? Ananuka samli mpaka mbwa wangu wanamfuata."

"Kweli, ananuka samli." Akamweka vizuri mgongoni. "Wako ananuka damu."

Nilisimama, nikakipiga teke kibuyu chake. Maziwa yalikwenda mpaka kwenye beseni. Nilimwambia asikanyage tena kwangu, na asiende kuwafundisha watu usafi wakati analala na ndama. Akaokota kibuyu chake, akasema, "Haya mzee," kwa heshima kabisa, akaondoka. Mke wangu akaanza kufuata maziwa njia panda.

Mtoto alikua. Ngozi ilitulia kidogo, ikachafuka tena, ikawa nene na nyeusi kwenye mikunjo kama ngozi ya mtu mzee. Alipofika miaka mitatu aliokota kipande cha kashata ya ufuta mezani, akakitafuna, akaanza kulia anashika ulimi. Midomo ikavimba. Akatapika. Baada ya muda ikapungua yenyewe. Mke wangu akasema, "Ufuta haumpendi huyu." Nikamwambia ufuta ndio uliomnunulia kanga aliyovaa, kwa hiyo afunge mdomo. Na mtoto nilimpiga makofi mawili, kwa kuleta maringo kwenye chakula cha nyumba. Akajifunza. Akiona kashata anahama upande.

Sasa niseme ile siku yenyewe.

Mtoto ana miaka mitano. Mimi nimenunua mashine ya pili, kubwa, na nimeamua kuizindua kama watu wakubwa wanavyozindua. Maturubai mawili, viti vya kukodi, mchungaji wa kuombea, viongozi wa kata, mshereheshaji na spika zake mbili zinazosikika mpaka stendi. Dada yangu alitengeneza masinia ya kashata kwa ufuta wa gunia la kwanza. Nilivaa suti. Nilitoa historia yangu mwenyewe kwenye kipaza sauti, kutoka mkonge mpaka pale, na watu walipiga makofi mahali palepale nilipotaka wapige.

Halafu nikamwita binti. Alivaa gauni la njano la mikono mirefu, mama yake alichagua la kufunika viwiko. Nikamsimamisha juu ya meza mbele ya mashine. Nikasema, "Huyu ndiye tangazo langu. Ameogeshwa kwa sabuni yangu, amepakwa mafuta yangu, tangu mchanga. Leo yeye ndiye wa kwanza kula matunda ya mashine hii."

Nikamshikisha kashata. Akaiangalia. Akanisogelea sikioni aninong'oneze, ila kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, karibu na mdomo wake, na mnong'ono wake ukatoka kwenye spika zote mbili: "Baba, sitaki. Inaniwasha."

Watu walicheka. Turubai zima. Mmoja wa gereji akapiga kelele, "Bosi, tangazo limekataa bidhaa!" Wakacheka zaidi.

Sikuwahi kuchekwa namna ile tangu mkonge. Nilitabasamu kwa ajili ya watu, nikamshika taya upande ambao hawaoni, nikabonyeza. Anayebonyezwa pale anafungua tu. Nikaiweka. Nikasema pembeni ya kipaza sauti, "Tafuna, ama nikuchape mbele yao." Akatafuna. Machozi yakaanza, na bado anatafuna, ananiangalia. Akameza. Nikamnyanyua mkono juu kama bondia, watu wakashangilia, muziki ukapigwa.

Alikohoa. Akajikuna shingo. Macho yakaanza kuvimba, moja likafunga kabla ya lingine. Mshereheshaji akasema, "Utamu umemzidi huyo!" Mtoto akafungua mdomo kulia, na kilichotoka ni mlio mwembamba, kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Mke wangu alikuja akiwa peku, sijui viatu aliviacha wapi, akamnyakua mezani, akapiga kelele kwa bodaboda aliyekuwa amekuja kuangalia bure. Waliondoka watatu kwenye pikipiki ile, mtoto katikati, kichwa kinacheza.

Na mimi nilimalizia hotuba. Naandika hili kwa sababu kuna watu walikuwepo na wanalijua. Nilikuwa nimebakiza kuwashukuru viongozi. Niliwashukuru mmoja mmoja. Mchungaji ndiye aliyenishika mkono akasema, "Mzee, nenda." Nikaenda.

Nilipofika hospitali mtoto alikuwa ameshachomwa sindano pajani, yuko kwenye oksijeni, uso kama boga. Anapumua. Daktari alikuwa msichana, angeweza kuwa binti yangu wa kwanza. Alinisalimia kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye baba wa mtoto?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Na kama ni gharama, daktari, usihofu, mimi..."

"Sijauliza gharama, mzee. Nataka kujua anaogeshwa na nini."

Nilifurahi kuulizwa. Kwenye gari nilikuwa na miche ya kugawa kwa wageni, nikaenda nikaleta mmoja. Akaugeuza, akaunusa, akaulowesha kidogo akajisugua kwenye kiganja. Akaenda kunawa. Alinawa muda mrefu.

"Na anapakwa nini?"

Nikamwambia. Tena nikamwambia kwa fahari, hayajachujwa, ya kwanza kabisa.

"Tangu lini?"

"Tangu ana miezi minne."

Akakaa kwenye kona ya kitanda. "Mzee umewahi kujenga?"

"Nyumba tatu."

"Basi tutaelewana. Ngozi ni tofali zimepangwa, katikati kuna udongo wa mafuta unaozishika, juu kuna lipu. Wapo watoto wanazaliwa lipu yao nyepesi, ina nyufa ndogo ndogo. Maji yanatoka, vumbi linaingia, ndiyo anawashwa. Hilo si kosa lako."

"Nashukuru."

"Subiri kushukuru. Sabuni hii inayeyusha ule udongo wa katikati. Dodoki linang'oa tofali. Umebomoa mara mbili kwa siku. Halafu palepale palipobomoka unapaka mafuta mabichi, ambayo bado yamebeba chembe za ufuta. Mtoto ananyonya, hajawahi kula ufuta hata siku moja. Mwili wake umekutana na ufuta kwa mara ya kwanza ukipita ukutani, kwenye tundu. Mtu akiingia kwako kwa kutoboa ukuta, mzee, utamwita mgeni?"

"Huyo mwizi."

"Na kesho yake ukimkuta amekaa mezani kwako anakula?"

Mke wangu alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, ameshika mguu wa mtoto, hanitazami.

"Utampiga," daktari akasema. "Hutauliza aliingia mlango gani. Ndicho mwili wake unachofanya akila ufuta. Unapiga. Tatizo vurugu hiyo inafanyika kooni mwake, na koo la mtoto ni jembamba kama mrija wa soda."

Nikamwambia mimi nimesuguliwa kwa gunzi na mchanga na nipo hapa nimesimama. Akasema, "Wewe lipu yako ilikuwa nzima. Yeye si wewe." Akaongeza kwamba kifua nacho mara nyingi kinafuata ngozi, tujiandae. Na kwamba huyo mtoto hatakiwi tena kuwa karibu na ufuta, si kula tu, hata vumbi lake.

"Daktari, mimi ninaishi kwenye vumbi la ufuta. Limejaa hata kwenye mito."

"Najua," akasema. "Linaonekana kwenye nywele zako."

Siku ya tatu mke wangu hakumrudisha nyumbani. Kutoka hospitali alipanda gari moja kwa moja mpaka Kisanga kwa mama yake, na nguo zile zile. Nilimfuata nikiwa na hasira. Alitoka nje akafunga mlango nyuma yake, ikabidi tuongee kwenye jua.

"Acha kukamua ufuta," akasema. "Kamua alizeti tu. Jengo lisafishwe, nyumba ipigwe rangi upya. Tutarudi."

"Ufuta ndio ulionifanya mtu."

"Haya."

"Unanichagulia kazi? Wewe nilikukuta hapa hapa unachambua mchicha."

"Nimekusikia, baba. Ufuta ndio uliokufanya mtu. Basi nenda kwa watu wenzako."

Nilidhani ni maneno ya mwezi mmoja. Mwanamke anarudi, nilijiambia. Imefika miaka saba. Natuma kila kitu, shule analipiwa, nyumba ya mama mkwe nimeipiga bati jipya, na watu wote wa Kisanga wanajua ni mimi. Ngozi ya mtoto huko kwa bibi yake ilitulia kwa maji matupu na kile kikopo cha dukani, ile ile aina niliyowamwagia kuku. Viwiko vilibaki na weusi. Kifua kilifuata kama daktari alivyosema, na sasa anatembea na dawa ya kuvuta kwenye mfuko wa sketi.

Nikienda kumwona kuna utaratibu, na yeye ndiye aliyeuweka. Nguo zangu za Kisanga zinakaa Kisanga, kwenye mfuko, zimefuliwa na bibi yake. Nafika, naegesha mbali, nakuta ndoo ya maji mbele ya banda la kuku, sabuni nyeupe ya watoto, na dodoki. Nabaki na kaptula tu, yeye anasimama kwenye kizingiti, mikono amefunga kifuani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nyuma ya masikio."

Nasugua.

"Kucha."

Nasugua kucha.

"Bado. Sugua, baba. Usibembeleze."

Sijui kama anakumbuka neno hilo lilikuwa la nani. Sijamuuliza. Nikishavaa, anakuja hatua tatu mbele yangu, ananusa hewa. Mara nyingi anasema, "Bado unanuka mashine," na tunaongea hivyo hivyo, yeye kizingitini, mimi kwenye kigoda uani, tunapaziana sauti kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Ana akili. Hesabu anawazidi wavulana wote. Hiyo ni damu yangu.

Mwaka huu alipata kipaimara. Askofu alikuja mwenyewe, watoto wengi, gauni jeupe nililinunua mimi, refu la shingo wazi, zuri kuliko yote kanisani pale. Niliamua siku hiyo nitamshika. Siku mbili kabla sikuingia kiwandani. Nilinyoa kichwa. Nilifika Kisanga alfajiri, nikaoga mara tatu bila kuambiwa, nikavaa suti mpya kabisa iliyotoka kwenye mfuko wake wa nailoni. Alikuja, akanusa. Akanusa tena karibu zaidi, karibu kuliko miaka yote saba.

"Leo hunuki," akasema.

"Basi tupige picha. Mimi na wewe. Nikushike bega."

Akamtazama mama yake. "Tukifika kanisani," akasema. "Dakika moja tu."

Wao walitangulia kwa miguu na bibi. Mimi nikafuata na gari ili lionekane. Hapo ndipo nilipoharibu. Niliosha mwili mzima, nikanyoa, nikaacha kazi siku mbili, halafu nikashika usukani. Usukani ule ule ninaoushika kila siku nikitoka mashine, umefunikwa kitambaa cha manyoya, umekunywa ufuta miaka mingi. Sikufikiri. Niliona najua kila kitu.

Mbele ya mlango wa kanisa mpiga picha alitupanga. Nikaweka mkono wangu begani kwa binti yangu, pale shingo ilipo wazi. Ngozi yake ni laini kama ya yule mtoto wa samli. Sikuwa najua. Miaka yote ile ya kumsugua sikuwahi kuigusa ikiwa nzima. Mpiga picha akasema, tabasamuni. Nilitabasamu, naye alitabasamu, na picha ipo, nimeitundika ofisini, wateja wanaisifu.

Nikaondoa mkono. Watoto walikuwa wanaitwa kujipanga. Akaanza kujikuna bega. Mama yake akasogeza gauni, na tukaona wote: vidole vyangu vimeota pale, vimevimba, kimoja kimoja, mpaka dole gumba nyuma ya shingo. Ungeweza kupima na mkono wangu.

Hakulia. Akavuta dawa yake mara mbili, bibi yake akamfunga kitambaa cheupe shingoni kuficha. Akaniangalia.

"Umeshika nini, baba?"

"Usukani."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepewa jibu alilolijua. "Usiingie," akasema. "Kaa nje mpaka tumalize. Samahani baba, lakini usiingie."

Nilisimama kwenye dirisha la pembeni na suti yangu. Walimu wa shule, wakwe zangu, watu niliowapigia bati, wote walikuwa ndani. Aliitwa, akapiga magoti mbele. Askofu, mtu aliyekuwa hajamwona kabla ya siku ile na hatamwona tena, akaweka mikono yake yote miwili juu ya kichwa cha binti yangu, akaikalisha pale, akaomba. Nilisubiri. Mikono ikaondoka. Hakukuota kitu.

Mke wangu alitoka mara moja kuja kunifuata dirishani. Nilifikiri ananiletea kiti.

"Kile nilichokuambia siku ile bado kipo," akasema. "Alizeti tu. Ukikubali, leo hii tunarudi na wewe."

Nilimwambia ufuta mwaka huu umekubali sana, magunia yamejaa mpaka kwenye dari. Akarudi ndani. Niliendesha mpaka Mikumi kabla ibada haijaisha, na Jumatatu saa moja asubuhi niliwasha mashine zote mbili.